Maji ya Kwanza

Siku mzee Kisaburo alipozimia ndani ya maji, Sadae hakupiga kelele. Alizamisha mkono mpaka begani kwenye pipa la kuogea, akapapasa chini ya magoti ya baba mkwe wake, akang'oa kizibo. Maji yakaanza kushuka. Akamshika mzee kidevu asizame, akabaki amepiga magoti hivyo hivyo, nguo zimelowa, akimwita, "Baba! Baba, unanisikia?" mpaka mzee akafumbua jicho moja na kuuliza nani amemwaga maji yake.

Ndivyo alivyo. Mtu ametoka kuchungulia kaburi, na swali lake la kwanza ni maji.

Ilikuwa katikati ya Januari, theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Nyumba yao iko mwisho wa kijiji, milimani Akita, na bafu lao bado ni la kuni: pipa la mwerezi ambalo mtu mzima akichuchumaa ndani yake maji humfika shingoni, na nyuma ya ukuta wa mbao, kwenye kibanda chenye sakafu ya udongo, ndiko uliko mdomo wa jiko. Majirani wote wameshaweka mitambo ya kupasha maji kwa kubonyeza kitufe. Mzee hataki hata kuisikia. Yeye husema maji ya kubonyeza ni maji ya hospitali, na maji yake ameyazoea kwenye digrii arobaini na nne, ya kumtoa mtu akiwa mwekundu kama pweza wa sikukuu.

Kesho yake akafika Nobuko, binti mkubwa wa mzee, kwa treni kutoka Sendai.

"Wifi, nisikilize," alisema, hata koti hajavua. "Sikulaumu."

Mtu akianza kwa kusema hakulaumu, kaa vizuri, lawama iko njiani.

"Lakini Baba ana miaka themanini na nne. Na wewe ulikuwa jikoni unakata figili."

"Nilikuwa hatua kumi tu kutoka alipo."

"Sasa si angekufa kwenye hizo hatua kumi?"

Sadae akammiminia wifi yake chai. Mumewe, Mitsuo, alikuwa papo hapo, amekaa na sare yake ya kazi. Msimu mzima wa baridi huendesha gari la manispaa la kusukuma theluji, huondoka alfajiri na kurudi usiku, na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili. Alizitumia zote mbili kutazama kikombe chake cha chai.

Nobuko akaweka mezani kijitabu chenye picha. Kilikuwa cha nyumba ya kutunzia wazee, karibu na kwake. Ukurasa wa tatu ulionyesha bafu: mzee anakalishwa kwenye kiti, anafungwa mkanda kifuani, kisha mashine inamteremsha majini polepole, na dada mwenye aproni ya plastiki pembeni anatabasamu.

"Kama gunia la mchele," ikasema sauti kutoka kwenye godoro chini, walikodhani mzee amelala.

"Baba, ni salama."

"Na gunia nalo huwa salama."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Nobuko akakubali kungoja, lakini kwa masharti. Nesi Hatakeyama, anayewatembelea kila Jumanne, angetoa maagizo. Sadae angeandika vipimo kila siku kwenye daftari. Na yeye Nobuko angerudi Jumapili ya mwisho ya Februari, saa kumi jioni, kujionea mwenyewe. "Nikikuta mambo hayajanyooka, Baba anaondoka na mimi," alisema. Alisema akimtazama Sadae, si baba yake wala si kaka yake.

Sadae alimpenda mzee huyu. Hakuwahi kumwambia, na mzee hakuwahi kuuliza, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Picha ya mkanda kifuani ilimnyima usingizi usiku kucha. Kulipokucha alikuwa ameshaamua: mzee haendi popote.

Nesi Hatakeyama ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliandika maagizo yake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari huku akiyasoma kwa sauti.

"Moja: maji digrii arobaini, yasivuke arobaini na moja. Mbili: chumba cha bafu kipate joto kwanza, kifike ishirini. Tatu: dakika kumi, basi, na kabla jua halijazama. Nne: pombe baada ya kuoga, kabla hapana. Tano: mzee asiingie wa kwanza."

Kwenye la tano mzee akainua kichwa.

"Maji mapya yanauma mwili wa mzee," akaendelea. "Mtu mwingine akitangulia, yanalainika, na mvuke unapasha chumba. Hili wala halikuanza hospitalini."

"Najua," akasema mzee. "Marehemu mke wangu alikuwa anasema hivyo hivyo. Na yeye sikumsikia."

Wahenga walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu mwenyewe asiposikia huvunjika nini.

"Basi mzee wangu, sasa umsikie."

"Atangulie nani? Mitsuo anarudi usiku, nawe unataka nioge kabla jua halijazama. Anayebaki ni huyu." Akamwonyesha Sadae kwa kidevu. "Yaani mimi, kwenye nyumba niliyoijenga, nikaoge mabaki ya mkwe?"

Nesi akamtazama Sadae. Sadae aliinamisha uso, masikio yakimwaka. Miaka thelathini na mmoja katika nyumba hiyo alikuwa akioga wa mwisho: baba mkwe, mume, watoto, mama mkwe alipokuwa hai, kisha yeye, moto umekufa, maji vuguvugu, nywele za watu zikielea juu. Hakuwahi kunung'unika. Hata mama yake mzazi aliishi hivyo. Lakini neno lile, mabaki, lilimchoma, maana hakuwahi kujiuliza yale aliyokuwa akiyaoga yeye yaliitwaje.

"Hayo manne ya kwanza nitayasimamia," akamwambia nesi. "Hilo la tano tutaona."

Akaanza kazi. Kila siku saa tisa aliwasha moto kwa kuni za msonobari, kwa sababu msonobari hushika upesi na kufa upesi, na mtu anaweza kuutawala. Aliacha mfuniko wazi ili mvuke upashe chumba. Maji ya pipa la kuni ni ya hila, juu yanaweza kuunguza wakati chini ni baridi ya kisimani, kwa hiyo alichukua ubao wa kukorogea na kuyapindua mara thelathini, juu chini, mpaka mabega yakauma. Hapo ndipo alipozamisha kipimajoto mpaka kiwiko, akahesabu hadi sitini, akaandika. Arobaini. Arobaini na nusu. Arobaini.

Mzee alipokuwa majini, Sadae alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, akaita kupitia ukuta kama alivyofundishwa na mama mkwe wiki ya kwanza ya ndoa.

"Baba, maji yakoje?"

"Ongeza."

Miaka yote jibu lilikuwa hilo hilo, na miaka yote aliongeza.

"Leo hayaongezwi, Baba."

"Haya si maji. Huu ni mchuzi uliosahauliwa mezani!"

"Ndiyo, Baba. Bado dakika saba."

Siku nne mzee alilalamika. Siku ya tano akaacha. Akaoga kimya, akatoka, akala figili zake zilizokaushwa kwa moshi, akamwomba Sadae wali wa pili. Nesi Hatakeyama alipokuja aliusoma ukurasa, akampiga mzee begani. "Unaona? Mtoto mzuri." Mzee alicheka, na kucheka kwake kungepaswa kumshtua mtu, maana aliitwa mtoto na hakukasirika.

Lililomshtua Sadae ni majivu. Asubuhi moja aliingiza koleo kwenye mdomo wa jiko kuyazoa, akakuta chini yake makaa mekundu, mazima, yenye ukubwa wa ngumi. Msonobari haulali na moto mpaka asubuhi. Mwaloni ndio unaolala nao, na yeye mwaloni hakuuleta kibandani tangu Januari. Akatoka nje kwenye rundo la kuni chini ya ukingo wa paa. Safu ya mwaloni ilikuwa na pengo, na kwenye theluji palikuwa na alama za viatu, kimoja kikiburuzwa.

Jioni alikoroga, akapima, akaandika arobaini, akaenda jikoni, akapigapiga kisu kwenye ubao mtupu kwa muda, mzee asikie. Kisha akavua ndala, akarudi kwa soksi tupu, akafungua mlango wa kibanda.

Mzee alikuwa mbele ya jiko, kiunoni taulo, mabegani koti, mikononi gogo la mwaloni.

"Baba, unafanya nini?"

"Naota moto."

"Na hilo gogo?"

"Linaota na mimi."

Siku nyingine Sadae angecheka. Siku hiyo alimpita, akaingia bafuni, akakoroga upya, akazamisha kipimajoto. Alipokitoa mkono ulikuwa mwekundu. Arobaini na tatu, na gogo la pili lilikuwa bado halijaingia. Akachukua daftari na kalamu.

"Andika arobaini," mzee akasema.

"Siandiki."

"Sadae. Nyumba hii mwenyewe ni mimi."

"Ndiyo, Baba. Na anayeng'oa kizibo ni mimi."

Mzee akakaa kwenye kigoda kama aliyesukumwa. Gogo likamdondoka. Alipozungumza tena alikuwa akizungumza na jiko.

"Leseni ya gari wameninyang'anya. Mashamba ya mpunga analima Mitsuo, na anapanda vibaya, lakini nanyamaza. Kwenye mkutano wa kijiji wananipa kiti karibu na hita, halafu hawaniulizi kitu. Nimebakiwa na nini? Maji ya kwanza. Hayo tu. Nikiingia, yanauma, najua bado nina ngozi. Hiyo arobaini yenu siisikii, mwanangu. Naingia ni kama sijaingia."

Alimwita mwanangu. Hakuwahi. Sadae alisimama na kalamu, machozi yakimlenga, akamwonea mzee huruma ambayo ingetosha kumharibia mkono. Ingekuwa rahisi sana, tarakimu moja tu. Kisha akakumbuka uzito wa kidevu kile kiganjani mwake, na maji yalivyokuwa yakishuka polepole mno.

Akaandika arobaini na tatu. Chini yake akaandika: mwaloni.

Nesi Hatakeyama aliposoma hakupiga mtu begani. Alisimamisha kuoga nyumbani. Mzee angepelekwa na gari kwenye kituo cha mchana kule mjini, mara mbili kwa wiki. "Akikubali sharti la tano," akasema akivaa viatu, "mnaanza tena siku hiyo hiyo. Sihitaji hata kupigiwa simu. Lakini hilo la tano sasa ni la lazima. Sadae akiwa ndani ya maji kwanza, hakuna wa kunipenyezea magogo."

"Mkwe wangu amenichongea," mzee akasema.

"Mkwe wako amekuokoa mara mbili," akajibu nesi, "na mara zote mbili umelilia maji."

Alhamisi walimchukua. Sadae alimfunga skafu, akamtilia taulo lake mwenyewe kwenye mfuko, akasimama barabarani mpaka gari likapotea kwenye kuta za theluji. Wiki hizo yeye na Mitsuo, wasimtamanishe mzee, waliogea kwa jirani, na kila alipopita mbele ya pipa tupu alihisi kama ameuza kitu cha watu.

Mzee alirudi saa tisa, nywele zimechanwa upande ambao si wake. Chakula cha usiku kikawekwa. Mitsuo ndiye aliyeuliza.

"Vipi Baba, kulikuwaje?"

"Wanakupa namba." Akakunja mkono wa shati. Mkanda wa karatasi ulikuwa bado kwenye kifundo cha mkono. "Kumi na moja. Tunapangwa kwenye viti, uchi, taulo magotini, kama samaki wa mnada. Mbele yangu alikuwa Genji yule fundi wa mikeka ya tatami, amelala na mdomo wazi. Kuna katoto ka kike, hata miaka ishirini hakana, kananiambia, 'Babu, haya, tunyanyue mguu.' Tunyanyue! Mguu wenyewe wangu."

Mitsuo akakohoa ndani ya bakuli kuficha kicheko.

"Na maji?" Sadae akauliza.

"Maji hayakuniuma," mzee akasema. "Watu kumi walikuwa wameshayapitia." Akaweka vijiti vyake chini sambamba, polepole. "Hakuna aliyeniuliza yakoje."

Alikwenda mara tatu zaidi. Akirudi, alitundika kila mkanda kwenye msumari kibandani, mbele ya jiko: kumi na moja, tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Sadae aliiona mikanda hiyo kila alipopita kuchukua ndoo, na hakuigusa. Usiku mmoja alimwambia Mitsuo kwamba Jumapili Nobuko akija, daftari atalikuta limekomea kwenye arobaini na tatu, na baba ataondoka, na kosa ni la mwandishi. Mitsuo akasema, "Ungeandika arobaini, tungekuwa tumeshamzika." Kisha akalala, maana alfajiri ilikuwa na theluji yake. Kwa mwanamume wa kuongea mara mbili kwa mwezi, hiyo ilikuwa hotuba.

Jumamosi mzee akauliza, "Kesho Nobuko anafika saa ngapi?"

"Saa kumi, Baba."

"Mm."

Jumapili, saa tisa u nusu, Sadae alisikia kuni zikivunjwa. Akaenda kibandani. Mzee alikuwa kwenye kigoda, kofia ya sufu kichwani, blanketi mapajani, moto umeshashika. Pembeni yake palikuwa na vijiti vya msonobari vimepangwa kwa unene. Daftari lilikuwa gotini.

"Chumba kimefika ishirini na mbili," alisema bila kugeuka. "Maji arobaini na moja. Nimekoroga mara thelathini, nikapumzika mara sita. Nenda kaoge."

"Nani, Baba?"

"Kwani unamwona mwingine?"

"Baba, wifi anakuja. Akinikuta mimi ndani ya maji kabla yako, na mgeni ni yeye... ni aibu. Watasema nini?"

"Watasema mkwe wa Kisaburo anaoga. Sadae, nimeshakuwa wa kumi na tatu. Kuwa wa pili kutaniua?"

Alisimama mlangoni, aproni mkononi. Kwa miaka yote hakuwahi kuyaona maji yale yakiwa safi isipokuwa alipoyapima kwa ajili ya wengine. Aliogopa, kama mtu anayetumwa kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Lakini alikuwa ameapa kwamba mzee haendi popote, na njia ilipita humo humo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaingia bafuni, akajisugua nje ya pipa mara mbili, kwa hofu ya kuyachafua, kisha akapandisha mguu.

Nobuko alifika saa kumi kasoro robo, mapema, kama wafikavyo wakaguzi. Sebuleni hakukuwa na mtu. Akafuata harufu ya moshi mpaka kibandani.

"Baba! Unafanya nini hapa? Wifi yuko wapi?"

"Anaoga."

"Anaoga? Saa hizi? Kabla yako?"

"Nesi kasema mimi nisitangulie. Na mama yako alisema. Wewe unataka kubishana na wanawake wawili, mmoja wao marehemu?"

"Lakini Baba, mkwe wa nyumba..."

"Usipige kelele, mtu yuko majini."

Nobuko akavua glavu. Kijitabu kilichungulia kwenye mkoba wake. "Na mimi je? Mimi si mgeni?"

"Wewe wa tatu." Mzee akanyoosha kidole kwenye mikanda ya karatasi msumarini. "Soma hizo namba, ushukuru."

Nobuko akatoa miwani. Alisoma namba, moja moja, na alipofika kwenye kumi na tatu uso wake ulibadilika. Akachukua daftari gotini kwa baba yake. Alisoma ukurasa wa arobaini nyingi, na arobaini na tatu, na neno lile moja chini yake, na mistari ya leo yenye mwandiko wa mzee unaotetemeka: chumba, maji, saa, na mahali pa jina la anayeoga wa kwanza, Sadae.

"Hii arobaini na tatu aliiandika yeye mwenyewe?"

"Nilimwamuru aandike arobaini. Alikataa."

Nobuko akaliweka daftari pembeni ya baba yake. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake na koti lake la mjini, mikono ikielekea motoni.

Mzee akasogeza kigoda karibu na ukuta. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Sadae."

"Naam, Baba."

"Maji yakoje?"

Maji yalikuwa yamemfika Sadae kidevuni, mapya, makali, hayana unywele hata mmoja, na joto lilikuwa likimwingia mahali ambapo hakujua kwamba palikuwa na baridi. Swali hilo alikuwa ameliuliza yeye jioni baada ya jioni, miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuandaa jibu lake. Akanawa uso. Akanawa tena.

"Ongeza," akasema.

Nobuko akamtazama baba yake. Mzee akatazama daftari, akatazama moto, akachagua kijiti chembamba kuliko vyote. Akakivunja katikati kwa goti. Kipande kimoja akakisukuma motoni, cha pili akakiweka pembeni, juu ya daftari.

"Nusu tu," akauambia ukuta. "Nusu nyingine ni ya kesho."